Meno Yaliyokwama: Eksirei Inavyosaidia Kuyaona na Kuyahesabu

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Nairobi kuhusu afya ya kinywa



Daktari wa meno anapomwambia mtu afungue mdomo, anachokiona kwa kioo chake kidogo ni meno yaliyokwisha kuota. Anaona lililotoboka, lililovunjika, na ufizi unaotoka damu. Jino lililobaki ndani ya taya, chini ya ufizi au chini ya mfupa, halionekani kwa kioo hicho. Hata mwenyewe anaweza kukaa nalo miaka mingi bila kujua. Hilo ndilo jino lililokwama. Mazungumzo haya yanahusu jinsi linavyoonekana, jinsi linavyohesabiwa katika jamii nzima, na kwa nini hesabu hiyo inamgusa mkazi wa Kangemi, wa Kawangware, wa Westlands, na hata yule mwenye kibanda chake River Road katikati ya jiji.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitoa ripoti ya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa. Wachunguzi walitazama vinywa vya watoto na vya watu wazima, wakahesabu meno yaliyooza, yaliyong'olewa na fizi zenye ugonjwa. Ni kazi kubwa na inayofaa kushukuriwa. Lakini uchunguzi wa namna hiyo hufanywa kwa macho na vyombo vya mkononi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi mtu apigwe eksirei kwa ajili ya kuhesabiwa tu, na ni sawa: mtu asiye na tatizo hana sababu ya kupitishiwa miale ili ripoti ijae takwimu. Kwa hiyo jino lililo chini ya ufizi haliingii katika hesabu hiyo, na mtu akiuliza ni wakazi wangapi wa Nairobi wenye meno yaliyokwama, hawezi kujibiwa kwa ripoti ya aina hiyo.

Jibu hutafutwa kwingine, katika picha ambazo zilikwisha kupigwa kwa sababu nyingine. Mgonjwa alikuja na maumivu, au alikuja kupangwa meno, au aliumia taya katika ajali ya bodaboda. Akapigwa picha, akatibiwa, akaenda zake. Picha yake ikabaki. Mtafiti huzirudia picha za namna hiyo, mamia au maelfu, moja baada ya nyingine, akiandika kilichomo bila kumwita mgonjwa tena na bila kumpiga mtu yeyote miale mipya. Kazi hiyo haina fahari. Ni kukaa mbele ya kioo cha kompyuta hadi macho yachoke. Lakini ndiyo njia iliyotumika karibu kila mahali duniani kujua habari za meno yaliyokwama.

Kwanza, jino hukwamaje? Mtu mzima huwa na meno 32, na manne ya mwisho huota nyuma kabisa, moja kila pembe ya kinywa, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25. Ndiyo magego ya mwisho, ambayo wengine huyaita meno ya hekima, ingawa kwa vijana wengi huja wakati wa mitihani na hayaleti hekima yoyote, yanaleta usiku wa bila usingizi. Kwa kuwa ni ya mwisho kufika, hukuta nafasi imekwisha. Gego likikosa nafasi linaweza kuinamia mbele na kulisukuma jirani yake, kulala kabisa kama mtu aliyejilaza kitandani, kuelekea nyuma, au kusimama wima lakini likabaki ndani ya mfupa. Gego la mwisho la chini ndilo linalosumbua watu zaidi. Baada ya magego ya mwisho, jino linalojulikana zaidi kwa kukwama ni chonge la juu.

Sababu kubwa ni taya kutolingana na meno. Taya hukua kwa kufanyishwa kazi. Mtoto anayetafuna muhogo mbichi, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu huipa taya yake kazi ambayo mtoto wa mkate laini na chipsi haipati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka kusini magharibi mwa Nigeria ulilinganisha watu wa mjini na wa mashambani, na ukakuta magego yaliyokwama ni mengi karibu mara saba kwa watu wa mjini. Chakula huenda si sababu pekee. Watu wa mashambani wanaweza pia kuwa wamepoteza meno mengine mapema, na nafasi ikapatikana. Hata hivyo, tofauti ya mara saba si ndogo, na jiji kama Nairobi, ambalo watoto wake wanakula tofauti na babu zao, lina kila sababu ya kujiuliza swali hilohilo.

Pale Museum Hill, njiani ukitoka katikati ya jiji kwenda Westlands, Makumbusho ya Kitaifa yanahifadhi mifupa ya mvulana aliyepatikana Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984. Kamoya Kimeu ndiye aliyeona kipande cha kwanza. Mvulana huyo aliishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, na magego yake ya mwisho yalikuwa bado hayajaota alipokufa. Wataalamu waliokadiria umri wake walitazama meno, yakiwemo yaliyokuwa bado ndani ya taya. Kwa hiyo kusoma jino ambalo bado halijatoka si jambo la kliniki peke yake. Katika jiji hili kuna watu waliolifanya kwa mifupa ya kale kabla wengi wa wasikilizaji hawajazaliwa.

Eksirei yenyewe iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mnamo Novemba 1895. Majuma machache baadaye, Januari 1896, daktari wa meno Mjerumani, Otto Walkhoff, alijipiga picha ya meno yake mwenyewe, na inasimuliwa kwamba alikaa bila kutikisika dakika 25. Siku hizi picha ndogo ya jino moja huchukua chini ya sekunde moja. Picha inayofaa zaidi kwa kuhesabu ni ile ya taya zima, ambayo mgonjwa husimama, huuma kijiti kidogo cha plastiki, na mashine huzunguka kichwa chake kwa sekunde 15 hivi. Njia hiyo iliendelezwa na Yrjö Paatero wa Finland kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika picha moja huonekana taya zote mbili, meno yote, mashimo ya pua upande wa juu, na mfereji unaopitisha neva ndani ya taya ya chini.

Mfereji huo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Neva iliyomo ndiyo inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Mizizi ya gego lililokwama ikiwa imeukaribia au kuuzunguka, kulitoa bila kujua kunaweza kumwacha mtu na ganzi ya mdomo, ya muda au ya kudumu. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hukataa kung'oa gego la namna hiyo kabla ya kuona picha, hata mgonjwa akimsihi vipi.

Anayesoma picha kwa ajili ya utafiti huangalia mambo yaleyale kila mara. Huangalia jino limeinama upande gani, kwa mpangilio ambao George Winter wa Marekani aliuandika mwaka 1926. Huangalia limezama kina gani na kama lina nafasi kati ya jirani yake na mfupa wa nyuma, kwa mpangilio wa Pell na Gregory wa mwaka 1933. Huandika jinsia na umri. Na hapa wengine huharakisha: lazima picha zisomwe zaidi ya mara moja, ama na watu wawili ama na mtu yuleyule baada ya muda, kisha majibu yalinganishwe. Kama wasomaji wawili hawakubaliani kuhusu jino lilelile, takwimu itakayotoka hapo haina maana hata ikiandikwa kwa nukta mbili za desimali.

Sasa takwimu. Huko Oman, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulisoma picha 1,000 za watu wa miaka 19 hadi 26, na 543 kati yao walikuwa na angalau gego moja la mwisho lililokwama. Ni zaidi ya nusu. Huko Singapore, utafiti wa mwaka 2003 wa picha 1,000 za Wachina wa huko ulikuta asilimia 68.6. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzichanganya mwaka 2016 walipata wastani wa dunia wa asilimia 24 hivi, yaani mtu mmoja kati ya wanne.

Mtu anaweza kuuliza: 68, 54, 24, ipi ni ya kweli? Zote zinaweza kuwa za kweli, kwa sababu hazikuhesabu kitu kimoja. Ukiwaweka katika hesabu watoto wa miaka 15, utapata magego mengi ambayo hayajakwama, yanangoja wakati wake tu. Ukiwaweka wazee, wengi wamekwisha kung'olewa. Ukihesabu watu utapata jibu moja, na ukihesabu meno utapata jingine, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na manne. Na neno lenyewe "kukwama" lina mipaka tofauti: kuna anayehesabu jino lililo ndani ya mfupa tu, na kuna anayehesabu hata lililochungulia nusu.

Nairobi haikukaa kimya. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti Mwaniki na Guthua walichapisha utafiti kuhusu magego ya mwisho ya chini yaliyokwama miongoni mwa watu wa Nairobi. Angalieni maneno hayo mawili, "ya chini". Utafiti wa magego ya chini peke yake hauwezi kuwekwa bega kwa bega na ule wa Oman uliohesabu yote manne, kisha ikasemwa kwamba watu wa Nairobi wana taya kubwa au ndogo kuliko Waomani. Kulinganisha kwa namna hiyo kumejaa katika maandishi ya mitandaoni, na kunapotosha. Dar es Salaam nako, utafiti wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili uliochapishwa mwaka 2013 uliwatazama wagonjwa waliokuja na meno yaliyokwama na jinsi walivyotibiwa. Huo unafaa kumjulisha daktari wagonjwa huja na shida gani na meno gani yanaongoza. Hauwezi kusema ni watu wangapi wa Dar es Salaam wenye tatizo hilo, kwa sababu kila aliyeingia katika utafiti alikuwa nalo tayari.

Jambo la nani yumo katika picha ndilo gumu kuliko yote, na katika jiji hili lina sura yake. Chukua kijana wa miaka 19 wa Kangemi. Ufizi wa nyuma umevimba. Ananunua dawa ya maumivu dukani, anasukutua kwa maji ya chumvi, uvimbe unapungua, anasahau. Miezi miwili baadaye unarudi. Siku moja anapata muda na nauli, anakwenda kliniki, anaambiwa akapigwe picha ya taya zima, na picha hiyo iko mbali, nayo inalipiwa. Anarudi nyumbani. Kijana wa umri huohuo wa Lavington, ambaye mzazi ana bima, anapigwa picha wiki hiyohiyo, tena bila maumivu, kwa sababu anataka meno yapangwe. Mtafiti akifungua kabati la picha miaka miwili baadaye atamkuta wa Lavington. Wa Kangemi hayumo. Hesabu ikitoka kwenye kabati hilo pekee itasema habari za wale waliofika, na kata zisizofika zitaonekana kana kwamba hazina tatizo.

Kwa serikali ya kaunti hilo si neno la vitabuni. Tangu mwaka 2013 hospitali na vituo vya afya vya kaunti ni jukumu la kaunti. Anayepanga viti vya meno, mashine na madaktari wa upasuaji wa kinywa anahitaji kujua uzito wa kazi uko wapi. Akitegemea picha za hospitali kubwa za upande wa Upper Hill na Hurlingham peke yake, atapeleka vifaa kule ambako tayari vipo. Dawa yake inajulikana: utafiti utaje wazi picha zilitoka hospitali gani na kwa sababu gani zilipigwa, picha za hospitali za umma na za binafsi zisichanganywe bila kutenganishwa katika majibu, na mtaa anakotoka mgonjwa uandikwe bila jina lake.

Kuna mahali pengine ambapo gego la mwisho lina uzito mkubwa zaidi, nako ni mahakamani.

Watu wengi bado hawana cheti cha kuzaliwa. Mtoto au kijana akifikishwa mahakamani bila cheti, au akiwa mwathiriwa wa unyanyasaji na umri wake ukabishaniwa, mahakama huweza kuagiza akapimwe umri hospitalini, na meno ni sehemu ya kipimo hicho. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15 kifungo ni kuanzia miaka 20. Kwa wa miaka 16 hadi 18, kuanzia miaka 15. Kwa upande wa mshtakiwa, tofauti ya miaka 17 na 19 ndiyo tofauti ya kushughulikiwa kama mtoto au kama mtu mzima. Katika umri huo meno mengine yote huwa yamekwisha kukomaa. Linalobaki kusomeka ni gego la mwisho, kwa kutazama mizizi yake imefika wapi.

Mizizi hiyo haikui kwa kasi moja kwa watu wote. Hassanali wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 1985 utafiti kuhusu kuota kwa magego ya mwisho kwa Wakenya wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Asia, na akaonyesha kwamba kwa Waafrika huota mapema zaidi. Ndugu wakazi, fikirieni maana yake. Anayepima umri akitumia jedwali lililotengenezwa kwa vijana wa Ulaya, kijana wa Kawangware anaweza kusomwa mkubwa kuliko alivyo. Mtoto anaweza kuitwa mtu mzima kwa sababu ya jedwali lisilo lake.

Na jino lililokwama huvuruga hesabu kwa upande wa pili. Anayetazama kinywani kwa macho tu, asione gego la mwisho, anaweza kuandika kwamba mtu huyu bado mdogo, kumbe gego lipo, mizizi imekwisha kufunga, limezuiwa tu na jirani yake. Picha ndiyo inayotenganisha jino ambalo halijafika na jino lililofika likakuta mlango umefungwa. Hata hivyo, picha hutoa makadirio, na makadirio yana nafasi ya kukosea kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimepinga kwa miaka mingi vijana wahamiaji kupigwa eksirei kwa ajili ya kuthibitisha umri pekee, kwa hoja kwamba kipimo hakina uhakika wa kutosha na miale haimfaidi anayepigwa. Hapa kwetu kipimo hicho mara nyingi hutakiwa kumlinda mtoto, na hiyo ni sababu nzito. Lakini ripoti inayotaja mwaka mmoja kamili bila kutaja kiwango cha kukosea inastahili kuulizwa maswali. Utafiti wa picha za vijana wa Nairobi wenye tarehe za kuzaliwa zilizothibitishwa una thamani kwa sababu hiyo, hata kama hakuna mtu hata mmoja kati yao anayeumwa jino.

Kuhusu chonge, kuna jambo moja la kusemwa haraka lakini bila kufichwa. Katika baadhi ya jamii za Kenya na majirani zake, mtoto mchanga akiharisha au kuwa na homa huambiwa ana "meno ya plastiki", na vichipukizi vya chonge zake huchimbwa kwa kisu au kijiti. Watafiti wa Nairobi waliandika habari hizo kati ya Wamaasai wa mashambani miaka ya 1990. Picha za watoto hao wanapokua huonyesha chonge la kudumu lililopinda, lililodhoofika, lililokwama au lisilokuwepo kabisa. Kuharisha kunatokana na mengine, na mtoto anatakiwa kupelekwa kituo cha afya, ufizi wake uachwe.

Je, kila gego lililokwama ling'olewe? Hapana. Nchini Uingereza mwongozo wa mwaka 2000 wa taasisi inayoshauri huduma ya afya ya umma ulisema magego yaliyokwama yasiyo na ugonjwa yasitolewe kwa kinga tu. Wako madaktari wa nchi nyingine wanaoona ni bora kuyatoa mapema, mizizi ikiwa bado mifupi, na mabishano hayo hayajaisha. Wote wanakubaliana kuhusu jino lenye ugonjwa: ufizi unaovimba mara kwa mara, gego lililooza, jirani anayeozeshwa na chakula kinachonasa katikati, au mfuko wa maji unaokua kuzunguka jino na kuula mfupa. Lililotulia hufuatiliwa. Mkazi akiambiwa meno yote manne yatolewe na hayamsumbui, ana haki ya kuomba aonyeshwe kwenye picha ni kwa nini, na ana haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine.

Dalili nyingine hazingojei miadi. Mdomo ukishindwa kufunguka, kumeza kukiwa kugumu, homa ikipanda, au uvimbe ukishuka chini ya kidevu na shingoni, huo si uvimbe wa kusukutua kwa maji ya chumvi. Usaha wa gego la chini unaweza kuteremka shingoni na kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa hilo. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye idara ya dharura usiku huohuo, asipitishwe kwanza kwa mng'oaji wa mtaani.

Wengi huuliza kuhusu miale. Kila mtu hupokea miale kidogo kila siku kutoka ardhini na angani, na mkazi wa Nairobi, kwa kuwa jiji liko juu milimani, hupokea ya angani zaidi kidogo kuliko wa Mombasa. Picha moja ya taya zima kwa mashine ya kisasa ni sawa na siku chache za miale hiyo ya kawaida. Picha ya pande tatu, ambayo daktari huiomba akiona mizizi imekaribia neva, hutumia miale mingi zaidi, kwa hiyo haifai kuombwa kama mazoea. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa. Mtoto asipigwe bila sababu inayoelezeka. Mashine za eksirei zinatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na mkazi akiuliza kama kliniki ina leseni hiyo hajamvunjia mtu heshima.

Mwaka huohuo wa 2019 ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data. Picha ya taya ni habari ya afya, na habari ya afya iko katika kundi linalolindwa zaidi. Meno humtambulisha mtu kama alama za vidole. Ndiyo maana miili iliyoungua hutambuliwa kwa picha za meno. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kutumia picha za zamani lazima apate kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na leseni ya NACOSTI, na aondoe majina kabla ya kuanza kusoma. Mgonjwa akiombwa sahihi ya idhini, aisome, aulize picha itakaa wapi na nani ataiona. Akikataa, matibabu yake hayapaswi kubadilika hata kidogo. Akikubali, gharama yake ni sahihi tu, na kijana wa Kangemi aliyekosekana kwenye kabati anaweza hatimaye kuhesabiwa.

Anayehitaji huduma aanze katika kituo cha karibu. Vituo kama Westlands, Kangemi, Riruta na Waithaka humpa mkazi ushauri na barua ya rufaa inapohitajika, na Hospitali ya Mbagathi hupokea rufaa za upande huo wa jiji. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Barabara ya Argwings Kodhek, ambako matatu za 46 za Kawangware hupita. Huko wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao, kwa hiyo mgonjwa ajipange kwa kukaa muda mrefu kidogo.

Na picha ikishapigwa, mgonjwa aombe nakala yake, kwa sheria ana haki ya kuipata. Ikiwa ni ya filamu, iwekwe bapa ndani ya bahasha, mbali na jua na mvuke wa jikoni, tarehe ikiwa imeandikwa juu. Ikiwa ni ya kompyuta, ihifadhiwe ikiwa kamili. Picha ya simu iliyopigwa juu ya kioo cha daktari hufifisha mfereji wa neva, na daktari wa pili atalazimika kuagiza nyingine. Siku ya kwenda kliniki nyingine, ibebwe pamoja na kitambulisho.